Shajara ya mradi: makundi 36 ya matangazo, jedwali moja

Jumatatu, 5 Mei 2025

Masika bado yanapiga Moshi, mlima haujajionyesha tangu Ijumaa, na wageni ni wa kuhesabu. Ndiyo nafasi niliyokuwa naisubiri. Kampuni ninayoifanyia kazi hupandisha wageni Kilimanjaro, na wengi wao huanzia Google: mtu yuko Munich au Denver, anaandika jina la njia pamoja na neno la bei, tangazo letu linatokea juu, anabofya. Msimu ukishaanza Juni kila mbofyo una gharama na kila mbofyo una maana. Kama kuna cha kubomoa, kibomolewe sasa.

Niliyoyakuta: njia 6 (Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe na Northern Circuit), kila moja kwa Kiingereza na Kijerumani, na kila lugha ina makundi matatu ya matangazo: wanaouliza bei, wanaouliza siku, na wanaotafuta wenzao wa kupanda nao. Jumla makundi 36. Tangazo la utafutaji siku hizi si sentensi moja, ni ghala la vipande. Unaipa Google vichwa hadi 15, kila kimoja kisizidi herufi 30, na maelezo hadi 4 ya herufi 90, halafu yenyewe inachagua kipi kikae na kipi mbele ya kila anayetafuta. 15 na 4 ni 19. Mara 36 ni vipande 684. Mwaka jana kijana wa ofisini alivibadilisha kwa mkono. Alipofika Lemosho akachoka, na hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana hadi leo Rongai na Umbwe zina bei ya msimu uliopita.

Ninachotaka: jedwali moja kwenye Google Sheets, mstari mmoja kwa kila kundi, na skripti, yaani programu fupi, inayolisoma usiku, ikalilinganisha na yaliyo hewani, ikabadilisha palipobadilika tu. Nimejipa wiki nne.

Nilifikiria kwanza Google Ads Editor, ile programu ya bure ya kwenye kompyuta: unaingiza faili, unakagua, unapandisha yote kwa mpigo mmoja. Ni nzuri, na mwenye kampeni mbili tatu ningemwambia aishie hapo. Ubaya wake inataka mtu akae mbele yake, na mtu huyo ni mimi. Njia ya API, yaani programu yako kuzungumza moja kwa moja na Google Ads, nayo inataka kuomba kibali cha msanidi na kuwa na seva ya kuendeshea. Nimechagua skripti za ndani ya Google Ads. Zinaandikwa kwa JavaScript, lugha ya kawaida ya programu, na skripti inaendeshwa kwenye mashine za Google, hivyo umeme ukikatika Moshi hauihusu. Kikomo chake ni dakika 30 kwa mwendo mmoja. Kwa makundi 36 zinatosha na kubaki.

Jumatano, 7 Mei

Siku nzima imeishia kwenye Kijerumani.

Neno Kilimanjaro peke yake linakula herufi 11 kati ya 30. Ukiongeza neno la Kijerumani la kupanda mlima, Besteigung, pamoja na kistari, umeshafika 22. Bado nafasi moja na jina la njia. "Kilimanjaro-Besteigung Machame" ni herufi 30 kamili; nimehesabu mara tatu kwa kidole kwenye kioo. Lemosho na Marangu nazo zina herufi saba saba, zinaingia bila kubaki hata nukta. Northern Circuit inafika 39, haiingii hata uisukume. Hiyo nimeigeuza: "Northern Circuit Kilimanjaro", herufi 28, na Wajerumani wenyewe wanaitafuta kwa jina hilohilo la Kiingereza.

Tafsiri za mwaka jana zilitoka kwenye programu ya kutafsiri, hakuna aliyezisoma. Nimempelekea Mzee, kiongozi wetu wa siku nyingi aliyejifunza Kijerumani kwa wageni, mwaka baada ya mwaka. Nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Kwenye mstari wa viongozi akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Mwanangu, hili limekaa hewani tangu lini?"

Programu ilikuwa imetafsiri "viongozi wetu" kwa neno Führer, hivihivi, peke yake. Kiongozi wa mlimani kwa Kijerumani ni Bergführer. Ukiikata ile Berg umebaki na neno ambalo Mjerumani akilisikia lina mtu mmoja tu nyuma yake, na si mtu wa kumpandisha mgeni ukuta wa Barranco kule mlimani. Limekaa hewani miezi kumi na moja. Mzee pia amekataa Wanderung, yaani matembezi, kila mahali lilipokuwa: kwake hilo ni la Jumapili baada ya chakula cha mchana. Hapo tumebishana kidogo, maana watu wanalitafuta. Tumeliacha kwenye maelezo, tumelitoa kwenye vichwa.

Vipande vilivyopita kwa Mzee: vyote vya Marangu na Machame. Ataendelea kesho kutwa.

Ijumaa, 9 Mei

Skripti inasoma jedwali. Nimeiendesha kwa hakiki, ile namna ambayo inaonyesha ingefanya nini bila kugusa kitu. Ikaleta kichwa kinachoanza na "Sat Jun 07" na kuendelea hadi saa za Afrika Mashariki.

Imenichukua saa nzima kujua kilichotokea. Kwenye safu ya siku, mstari wa Machame, kijana ameandika 6-7, yaani siku sita au saba. Jedwali likaona tarehe: Juni 7. Kwenye kioo hukuti kosa la kukushtua, lakini skripti ikichukua thamani yenyewe badala ya yanayoonekana, inapewa tarehe kamili na mkia wake. Marangu ni 5-6, ikawa Mei 6. Lemosho 7-8, ikawa Julai 8. Nimebadilisha safu nzima iwe maandishi, na skripti sasa inachukua kinachoonekana kwenye seli. Herufi zilizozidi 30 ndizo zilizotuokoa. Tarehe fupi ingepenya.

Jumatatu, 12 Mei

Mama, mwenye kampuni, ameingia ofisini na simu mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwanangu, jirani ameandika asilimia 98 ya wageni wake wanafika kileleni. Na sisi tuandike 98."

Nikamuuliza kilele kipi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa mlima upi. Lakini Mzee, aliyekuwa pembeni na chai yake, akanielewa mara moja. Anayepanda kwa Marangu hufika kwanza Gilman's Point, juu ya ukingo wa kreta. Wa Machame na Lemosho hufikia Stella Point. Uhuru, mita 5,895, bado iko mbele: kutoka Stella ni kama saa moja, kutoka Gilman's karibu mbili, na ni saa ambazo watu wengi husema inatosha. Hifadhi huwapa cheti hata walioishia Gilman's au Stella. Kwa hiyo kampuni moja inaweza kuwa na asilimia mbili tofauti kabisa na zote zikawa na vyeti.

Mama akasema basi tuhesabu zetu. Zetu ziko kwenye madaftari ya viongozi, mengine yamelowa. Kijana ameanza kuyaingiza. Nimeandika kwenye jedwali safu ya "ushahidi": kichwa chochote chenye namba au sifa lazima kionyeshe kimetoka wapi, la sivyo skripti inakiruka. Kichwa cha asilimia kimekaa bila ushahidi, kwa hiyo hakitoki. Mama hakupenda, ila hakukifuta. Amesema atakijazia.

Kichwa cha wapagazi kimepata ushahidi bila shida. Mzigo wa mpagazi mwisho ni kilo 20, mizigo inapimwa getini, na karatasi zetu za getini zipo kwenye faili. Ajabu ni kwamba hakijawahi kuwa kwenye tangazo lolote.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimejifunza kitu ambacho ningepaswa kukijua tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa naandika vichwa kama mtu anayeandika sentensi: cha kwanza kinaanza, cha pili kinaendelea, cha tatu kinamalizia. Google haifuati mpangilio wako. Inachukua kichwa cha nne inakiweka kwanza, cha kumi na moja kinafuata. Nikatengeneza karatasi ndogo, nikavikata vichwa vya kundi moja la Lemosho, nikavimwaga mezani na kumwambia kijana aokote vitatu bila kuangalia. Mara ya tatu akaokota: Njia ya Lemosho. Siku 6. Hakuna haraka.

Lemosho ya siku 6 kwetu haipo. Kichwa cha siku kilikuwa cha Machame, kilinakiliwa pamoja na mstari. Lakini hata kama kingekuwa sahihi, "Siku 6" ni kichwa kinachotegemea jirani yake. Kipande kinachosimama chenyewe kingesema njia na siku humohumo ndani ya herufi 30. Mchezo wa karatasi tumeucheza kwa makundi yote ya Kiingereza mpaka jioni. Mhudumu wa chai naye akaingia, na ndiye aliyegundua kuwa "Bei ikiwemo yote" ikikaa karibu na "Kuanzia" inasomeka kama utapeli.

Kuna namna ya kubandika kichwa kwenye nafasi yake kwa pini: nafasi ya kwanza, ya pili au ya tatu. Nimebandika jina la kampuni tu kwenye ya pili. Ukibandika vingi, Google inashusha alama ya ubora wa tangazo, ile inayotoka "duni" hadi "bora kabisa", na Mama anapenda kuona kijani. Nimemweleza kwamba alama hiyo haiingii kwenye mnada, pale Google inapoamua tangazo la nani litokee. Inakuambia tu kama umeijazia Google vipande vya kutosha na vya namna mbalimbali. Tangazo lenye Siku 6 za Lemosho lilikuwa na alama ya juu kuliko yote tuliyo nayo.

Ijumaa, 16 Mei

Jana usiku makundi 9 yamekaa bila tangazo kuanzia saa mbili usiku hadi saa moja asubuhi. Naandika kwa utaratibu ili nisijidanganye baadaye.

Skripti haibadilishi maneno ndani ya tangazo la zamani. Nimeiandika itengeneze tangazo jipya, kisha ilisimamishe la zamani, ili tukitaka kurudi nyuma la zamani lipo. Lakini kundi moja haliruhusiwi zaidi ya matangazo matatu ya namna hii yanayofanya kazi kwa pamoja, na baadhi ya makundi yetu yalishajaa matatu. Jipya likawa linakataliwa. Juzi, kwa uvivu, nikageuza mpangilio: simamisha yote kwanza, kisha tengeneza. Kwenye hakiki kila kitu kilikwenda vizuri, kwa sababu mistari yote niliyoijaribia ilikuwa na vipande vyake vyote.

Mama alikuwa amesema iendeshwe saa nane usiku, watu wote wamelala. Kijana ndiye aliyeweka ratiba. Kwenye orodha ya saa akatafuta nane, akaona 8, ya jioni, akaichagua. Saa nane usiku kwa orodha ile ni 2 AM. Mimi niliipitia ratiba na sikuona kosa, nami nimezaliwa hukuhuku.

Basi ikifika saa mbili usiku, kijana yuko nyumbani na laptopu, amefuta maneno ya zamani ya Kijerumani ya Lemosho, Rongai na Umbwe, anaweka yale yaliyopitishwa na Mzee, akijua ana muda hadi usiku wa manane. Skripti ikafika. Ikasimamisha matangazo ya zamani ya makundi yote 9. Ikajaribu kutengeneza mapya kutoka kwenye mistari yenye vichwa viwili na maelezo moja. Kiwango cha chini ni vichwa vitatu na maelezo mawili. Yakakataliwa yote. Na Ujerumani saa hiyo ni saa moja jioni, mtu ametoka kazini, ndiyo kwanza amekaa kutafuta.

Kijana alikuja asubuhi hajalala. Nimemwambia mpangilio ule niliugeuza mimi, na ndio uliozima matangazo. Saa yake ilileta tu siku ya kujulikana.

Jumatatu, 19 Mei

Wikendi nzima kurekebisha. Sasa skripti inakagua mstari wote kabla ya kugusa chochote: idadi ya vichwa, urefu, ushahidi, kichwa kilichojirudia. Mstari ukishindwa, kundi lake haliguswi. Kundi likiwa limejaa matatu, inasimamisha moja tu, la zamani kuliko yote, na jipya likikataliwa inalifungulia palepale. Nimeongeza safu ya "tayari" yenye kisanduku cha tiki. Bila tiki mstari hausomwi. Na breki: mabadiliko yakizidi makundi 12 kwa usiku mmoja, inasimama na kunitumia barua pepe. Kila asubuhi inatuma muhtasari wa mistari mitano sita kwa Mama, kwa Kiswahili.

Ratiba: 2 AM. Nimebandika karatasi ukutani: nane ya usiku ni 2.

Alhamisi, 22 Mei

Usiku wa kwanza mzima bila ajali. Makundi 12, kisha breki ikashika kama ilivyotakiwa. Mengi yamepitishwa ndani ya siku. Matatu yamekataliwa, yote kwa alama ya mshangao kwenye kichwa. Kwenye maelezo unaruhusiwa moja, kwenye kichwa hakuna. Kijana anapenda kukaribisha watu kwa nguvu. Nimeongeza ukaguzi wa hilo pia.

Jumanne, 27 Mei

Bei. Hapa ndipo nilipotarajia kuteseka na ndipo palipokuwa rahisi.

Badala ya kuandika bei ndani ya kichwa, nimeweka kigezo, yaani nafasi ambayo Google huijaza yenyewe: mabano, jina la kigezo, na maneno ya akiba ikiwa thamani haipo. Thamani inakaa kwenye akaunti kwa kila kundi, na skripti inaisasisha kutoka safu moja ya jedwali. Bei ikibadilika tangazo halijengwi upya. Kosa moja tu, langu tena: kihesabu changu cha herufi kilikuwa kinahesabu hata mabano na jina la kigezo, kikakataa vichwa vizuri kabisa. Google hayo haiyahesabu. Nimekifundisha kuyaruka.

Gumu lilikuwa ukurasa wa tovuti. Tangazo linaposema bei, mteja akibofya lazima aikute bei hiyohiyo. Ofa isiyoonekana kwenye ukurasa inaweza kuleta kukataliwa, na kabla ya hapo inaleta mteja mwenye hasira. Kurasa zetu za Rongai zilikuwa na bei mbili tofauti, juu moja, chini nyingine. Mhasibu alikuwa na ya tatu. Tumekaa na Mama saa mbili nzima kuamua ipi ni ya kweli. Hakuna skripti iliyohusika hapo, ila bila skripti kukwama kwenye mstari wa Rongai hakuna ambaye angeuliza.

Jumatatu, 2 Juni

Mlima umetoka asubuhi hii, mweupe hadi chini ya Kibo.

Makundi 30 yamesasishwa na yako hewani. Kichwa cha asilimia kimepata ushahidi: kijana amemaliza madaftari, na Mama ameziona namba mbili, ya ukingo wa kreta na ya Uhuru. Amenyamaza, akachagua ya Uhuru, ambayo ni ndogo, na akataka kichwa kitaje Uhuru kwa jina. Kimeingia kwa herufi 27.

Yaliyobaki ni makundi 6 ya Umbwe. Mistari yake imejaa, urefu ni sawa, bei ipo, lakini kila asubuhi muhtasari unasema haijatiwa tiki. Mwenye kutia tiki za Umbwe ni Mzee. Mama akampigia simu kwa spika tukiwa wote ofisini.

"Umbwe si njia ya mtu aliyebofya usiku kitandani," Mzee akasema. "Ina mwinuko mkali kuliko zote na inakupandisha haraka. Anayeitaka kweli ataandika barua, nami nitamuuliza amepanda wapi kabla."

Mama akafikiri kidogo, akaniambia nisimamishe kampeni za Umbwe zote mbili, fedha yake iende Lemosho. Nimefuta mistari sita kwenye jedwali na kuendesha hakiki. Makundi 30, hakuna badiliko.